Bangi ya tiba na udongo wa Osiri

Mjadala wa bangi unapozuka nchini Kenya, macho huelekea Nyanza Kusini. Si bure. Kuria, inayopakana na Tarime ya Tanzania, na mabonde ya Homa Bay hayakosi kutajwa katika taarifa za polisi kuhusu mashamba yaliyofyekwa na magunia yaliyoteketezwa. Mwaka 2022 George Wajackoyah aligombea urais kwa ahadi ya kulipa madeni ya taifa kwa mauzo ya bangi. Alipata kura 61,969, chini ya asilimia moja, lakini swali lake lilibaki vinywani mwa vijana wasio na kazi: ikiwa mmea huu unaota huku bila kubembelezwa, na ng'ambo wanaununua kama dawa, sisi tunangoja nini?

Nusu ya swali hilo inajibiwa na sheria. Nusu ya pili, ambayo haizungumzwi sana, inajibiwa na sayansi ya mimea. Tuipime Osiri, eneo la wachimbaji dhahabu katika Nyatike, Kaunti ya Migori. Jua lipo, mvua ipo, samadi ipo. Kikwazo kikubwa kimelala ardhini.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya kulima bangi ni kosa la jinai. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994 inampa mkulima atakayepatikana na hatia faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea wake, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo cha hadi miaka 20, au vyote viwili. Mwaka 2018 aliyekuwa Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alitangaza nia ya kuwasilisha mswada wa kulegeza sheria hiyo. Saratani ilimuua Julai 2019 kabla hoja yake haijafika mbali.

Dunia nayo imesogea. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliiondoa bangi katika kundi la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari mno na zisizo na faida ya maana kwa tiba. Kura zilikuwa 27 dhidi ya 25, na Kenya ilikuwa miongoni mwa waliopinga. Nchi nyingine za Afrika hazikusubiri. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata 2018. Nchini Uganda kampuni ya Industrial Globus ililima Kasese kwa ushirikiano na kampuni ya Israeli. Rwanda iliruhusu kilimo cha kuuza nje huku ikiendelea kukataza matumizi ndani ya nchi.

Dawa imo wapi?

Lichukue ua la mmea jike, ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Juu ya vijani vidogo vinavyolizunguka kumesimama vinyweleo vyenye vichwa vya duara vinavyong'aa, kila kichwa kidogo kuliko chembe ya chumvi. Ukivigusa vinanata. Humo ndimo mmea unamotengenezea utomvu wenye kemikali zaidi ya mia moja za jamii ya kanabinoidi. Mbili ndizo maarufu: THC, inayolevya, na CBD, isiyolevya.

THC ilitengwa na kuelezwa kikamilifu mwaka 1964 na Yehiel Gaoni na Raphael Mechoulam nchini Israeli. Mwaka 1992 kundi la Mechoulam liligundua kwamba ubongo wenyewe hujitengenezea kemikali inayofanya kazi kupitia milango ileile ambayo THC hupitia. Ndiyo maana mmea huu unagusa maumivu, hamu ya chakula, kichefuchefu na degedege kwa wakati mmoja. Ndiyo maana pia unaweza kuvuruga akili, hasa ya kijana ambaye ubongo wake bado unakua.

Mfano wa dawa iliyokamilika ni Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Ni CBD iliyosafishwa, na kiwango cha kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku. Mzazi anaipima kwa bomba la sindano. Chupa ya leo na chupa ya mwezi ujao ni sharti ziwe sawasawa, la sivyo mtoto atarudi kuanguka.

Hapo ndipo bangi ya tiba inapoachana na bangi ya kijiweni. Mvutaji akipata yenye nguvu kidogo, ataongeza pafu. Mgonjwa hana nafasi hiyo. Mkulima wa dawa anauza asilimia ya kemikali fulani iliyopimwa maabara, na uzito wa gunia huja baadaye.

Jua la ikweta na mitego yake

Osiri iko takriban nyuzi moja kusini mwa ikweta. Siku iliyo ndefu kuliko zote katika mwaka na iliyo fupi kuliko zote zinapishana kwa dakika kama saba tu. Kwa binadamu hilo ni jambo dogo. Kwa bangi ni amri.

Bangi ni mmea unaohesabu giza. Usiku ukiwa mfupi, mmea hukua, hurefuka na kutanua matawi. Usiku ukikaribia saa 12, hufahamu kwamba msimu unakwisha, ukaacha kukua na kuanza kutoa maua. Ulaya mkulima hupanda majira ya kuchipua, mchana ukiwa mrefu, na maua huja mchana unapofupika. Mbegu hiyohiyo ikiletwa Nyatike hukuta usiku wa saa 12 tangu siku ya kwanza. Huchanua ingali mche, na mavuno yake hujaa kiganjani.

Aina za asili za ukanda wa ikweta zimeizoea hali hii. Huendelea kukua kwa miezi bila kujali giza, zikarefuka kumpita mtu. Lakini hazitabiriki: mmea mmoja una THC nyingi, jirani yake kidogo, na CBD mara nyingi ni haba. Mwekezaji basi anabaki na njia mbili: kuchagua na kuboresha mbegu hizi za asili kwa miaka kadhaa, au kuleta mbegu za kigeni na kuwasha taa usiku ili kuudanganya mmea. Akiwasha taa, ile hoja ya jua la bure inapungua uzito.

Kuna pia suala la chavua. Ua jike lisilochavushwa huendelea kutoa utomvu. Likichavushwa, nguvu inahamia kwenye mbegu. Chavua ya bangi hupeperushwa na upepo kwa kilomita nyingi. Katika eneo ambalo bangi ya wizi imefichwa kati ya mahindi, shamba la wazi la dawa haliwezi kujilinda kwa ua wa waya.

Kilimo hai na adui anayeitwa ukungu

Bangi ya tiba inafaa sana kilimo kisicho na dawa za viwandani, na sababu ni ya kisayansi. Ua halioshwi kabla ya kutumika. Utomvu wake hushika sumu za kuua wadudu, na kiwanda kinapokamua utomvu huo sumu nazo hukolea.

Kwa upande huu Nyanza Kusini ina hazina. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye kampasi yake Mbita katika Kaunti ya Homa Bay, ndicho kilichoeneza mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi au mtama na majani ya tembo pembezoni. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wanaozaa viwavi wa mabua, majani ya tembo huwavuta nje ya shamba, na mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha huku ikirutubisha ardhi kwa naitrojeni. Kuna pia titonia, yale maua ya manjano yanayosimama kando ya barabara kote Nyanza: majani yake mabichi yakifukiwa huoza upesi na kuipa mimea chakula. Kanuni hizi zilibuniwa kwa ajili ya chakula, ila wadudu na udongo hawabagui zao.

Ugumu unakuja mvua inaponyesha juu ya ua lililokomaa. Ua la bangi limeshikana, na unyevu ukiingia ndani hautoki upesi. Kuvu wa kijivu huanzia katikati, nje ua likionekana zima. Baada ya mavuno huja kuvu wa jamii ya aspajilasi, ambao Wakenya wanawajua kwa machungu: mwaka 2004 sumu yao katika mahindi iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeshuka hapaswi kuvuta hata mbegu za kuvu hawa. Nchini Uholanzi, kampuni ya Bedrocan hupitisha maua yake kwenye mionzi ya gama kuwaua. Kwa hiyo anayelima nje, katika nchi ya masika na vuli, ni lazima apange maua yakomae kiangazi na awe na banda la kukaushia lenye hewa inayozunguka. Kuanika juu ya mkeka kando ya nyumba hakutoshi.

Udongo wa dhahabu

Hayo yote mkulima hodari anaweza kuyashinda. Tulitazame sasa lile lisiloshindwa kwa bidii.

Nyatike imechimbwa dhahabu tangu enzi za ukoloni. Mgodi wa Macalder ulifungwa katika miaka ya 1960, na wachimbaji wadogo wakaendelea, Osiri Matanda ikiwa miongoni mwa machimbo yao. Mawe hutolewa mashimoni, husagwa kuwa unga, na unga huoshwa juu ya mteremko uliotandikwa zulia. Mchanga mzito unaobaki hutiwa kwenye beseni pamoja na zebaki. Mchimbaji, mara nyingi mwanamke, huukanda kwa mikono mitupu mpaka zebaki ikamate chembe za dhahabu na kuwa donge la rangi ya fedha. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa juu ya makaa. Zebaki inaruka, dhahabu inabaki.

Zebaki iliyoruka haijapotea. Sehemu hurudi ardhini na mvua, sehemu huingia kwenye mimea kupitia vitundu vya majani. Iliyomwagika na maji hufuata mikondo kuelekea Mto Kuja na Ziwa Victoria. Mwaka 2002 watafiti Ogola, Mitullah na Omulo walichapisha vipimo vya ukanda wa dhahabu wa Migori, wakaonyesha kwamba risasi, arseniki na zebaki zilipita viwango vinavyokubalika. Arseniki haiji na mchimbaji. Imo ndani ya mawe yenyewe, na kusaga mawe kunaifungulia mlango.

Na bangi ni hodari wa kunyonya metali. Mizizi yake hushuka mbali, mmea hukua upesi, na kadimiamu au risasi iliyomo udongoni hupandishwa hadi majani na maua. Mwaka 1998 wanasayansi waliipanda katika ardhi iliyochafuliwa karibu na Chernobyl, Ukraine, kwa makusudi ya kuisafisha. Sifa inayoufanya mmea huu uwe fundi wa kusafisha ardhi ndiyo inayoufanya uwe dawa mbaya pale ardhi ilipochafuka.

Wanunuzi wanalijua hilo. Jimbo la California haliruhusu bangi ya kuvuta izidi mikrogramu 0.1 za zebaki kwa kila gramu, yaani sehemu moja katika milioni kumi. Ukali huo una sababu: zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za selsiasi, na ncha ya msokoto unaowaka hupita nyuzi 600. Zebaki iliyomo kwenye ua huenda moja kwa moja mapafuni.

Samadi na titonia hazitoi metali udongoni. Mboji huweza kushika baadhi yake na chokaa ikapunguza kadimiamu inayonyonywa, lakini zebaki inayotua kutoka hewani haina mboji ya kuizuia. Mkulima wa Osiri anaweza kufuata kila sharti la kilimo hai, asinyunyize hata tone la kemikali, na bado mzigo wake ukakataliwa maabara.

Soko lina kumbukumbu

Afrika Mashariki imewahi kukimbilia mmea wa dawa. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa za malaria zenye artemisinini, wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walipanda pakanga kwa wingi. Nao huchanua mapema karibu na ikweta, ikabidi zitafutwe mbegu zinazochelewa. Bei ya artemisinini ilipita dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005. Kufikia 2007 ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 200, na aliyeumia zaidi ni mkulima wa mwisho kuingia. Migori yenyewe ina somo la tumbaku, zao ambalo mnunuzi ndiye hupanga gredi. Sasa mashirika ya Umoja wa Mataifa yanawasaidia wakulima wa kaunti hiyo kuhamia maharage yenye madini ya chuma kwa wingi, na soko linatafutwa kabla ya mbegu kugawiwa.

Basi akija mtu kijijini na mkataba wa bangi ya tiba, aulizwe mambo matatu: leseni imetolewa na nani, mnunuzi ni nani, na udongo umepimwa na maabara gani. Akikosa jibu hata moja, arudi alikotoka.

Lililo muhimu zaidi halihitaji kungoja mswada wa bangi. Udongo wa Nyatike upimwe zebaki, arseniki na risasi, kijiji kwa kijiji, na matokeo yatangazwe barazani kwa lugha wanayoielewa wenyeji. Ardhi isiyofaa kuotesha dawa ya mgonjwa wa ng'ambo haifai pia sukuma wiki ya mtoto wa Osiri, na huyo anakula leo.