AKIBA HAIOZI: FUNZO LA KIWANDA KILICHOUNGUA

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lakini wakuu wengi wa makampuni hufundishwa kinyume chake: kwamba shehena iliyomo ghalani ni fedha iliyolala, na meneja hodari ni yule ambaye ghala lake li tupu. Nani asema kweli? Swali hili si la wenye mali peke yao. Kiwanda kikisimama kwa kukosa kitu kimoja, mfanyakazi hurudishwa nyumbani, mkulima hukosa mnunuzi, na mwananchi hukuta bei imepanda dukani. Kwa hiyo yatupasa sote kulitazama.

Hapana mfano ulio bora kuliko kampuni ya Toyota ya Japani, ambayo magari yake twayaona kila siku katika barabara zetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ilikuwa maskini wa fedha na wa nafasi. Mhandisi wa Toyota, Taiichi Ohno, alijifunza jambo kutokana na maduka makubwa ya Marekani, ambamo rafu hujazwa tena kwa kadiri wanunuzi walivyochukua. Akaleta utaratibu huo kiwandani: kila kipuri kifike saa ile kihitajiwapo, si kabla, wala si baada. Upotevu ukapungua, na kasoro zikaonekana upesi kwa kuwa hapakuwa na rundo la kuzificha. Dunia nzima ikaja kujifunza.

Ndipo likaja jaribio. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya Aisin Seiki katika mji wa Kariya. Humo kilitengenezwa kifaa kidogo cha breki, kigawacho nguvu baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, lakini asilimia 99 ya mahitaji ya Toyota ilitoka kwa Aisin, na akiba iliyokuwapo ilikuwa ya siku chache tu. Kabla ya juma kwisha, karibu viwanda vyote vya Toyota nchini Japani vilikuwa vimesimama. Gari zima lilishindwa kutoka kwa sababu ya kifaa kimoja!

Lililofuata ndilo la kustaajabisha. Aisin iligawa michoro yake kwa yeyote awezaye kusaidia. Makampuni kama 200 yakashika kazi, baadhi yao yasiyopata kutengeneza kifaa hicho maishani. Hata Brother, kampuni ijulikanayo kwa vyerehani, ilikuwamo. Hawakungoja kwanza kupatana bei. Katika muda wa siku chache vifaa vilianza kufika, na baada ya kama juma moja kazi ilikuwa ikirudi katika hali yake. Kwa nini walikuja mbio hivyo? Kwa sababu kwa miaka mingi Toyota haikuwatendea kama watu wa kutupwa apatikanapo mwenye bei ya chini. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Hata hivyo, wema wa majirani hautoshi kila mara. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la nchi na mawimbi ya bahari viliipiga Japani ya kaskazini mashariki. Kiwanda cha Renesas huko Naka, kilichotengeneza vipande vidogo vya kielektroniki viongozavyo mitambo ya gari, kiliharibika. Vipande hivyo havitengenezwi katika karakana ya jirani. Toyota ilichukua miezi kadhaa kurudia kiasi chake cha kawaida cha kazi.

Toyota ikajifunza. Ilianza kuwatambua si wauzaji wake tu, bali na wale wanaowauzia wauzaji hao. Kisha ikataka iwekwe akiba ya vipande vile, ya miezi 2 hadi 6. Upungufu wa dunia nzima ulipotokea mwanzoni mwa mwaka 2021, makampuni mengine yalifunga milango, nayo Toyota iliendelea kwa miezi kadhaa. Twaseme kweli: mwezi Septemba mwaka huo nayo ilipunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Akiba haiondoi shida, hununua muda.

Basi kampuni ya kwetu ifanye nini? Hebu tufikiri juu ya kinu cha kukamua alizeti Singida. Mavuno huja mara moja kwa mwaka, lakini wafanyakazi wala kila siku. Asiyenunua na kuhifadhi mbegu wakati wa mavuno, mashine zake zitalala. Hapa hekima ya Nabii Yusufu, ijulikanayo misikitini na makanisani, yashinda vitabu vipya: wakati wa shibe ndio wakati wa kujaza ghala.

Jambo la kwanza, basi, ni kuhesabu kila kitu kiingiacho kiwandani na kujua kitokako. La pili, kuvipanga si kwa bei, bali kwa hasara itakayotokea visipokuwapo. Mkanda mmoja wa mashine waweza kuwa na thamani kuliko tani nyingi za mbegu. Vile vipatikanavyo popote visijaze ghala. Vile visivyo na mbadala viwekewe akiba, na mlango wa pili wa kuvipata utafutwe mapema. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kumlipa kwa wakati yule akuleteaye mali. Mkulima aliyezungushwa mwaka huu kwa ahadi, mwakani atampelekea mwingine mbegu zake, au atalima kitu kingine.

Twawaambia wakuu wa makampuni, ya umma na ya watu binafsi: msijisifu kwa ghala tupu wala kwa ghala lililojaa. Jiulizeni, moto ukiwaka usiku huu, nani atakuja na ndoo ya maji? Jibu la swali hilo hutayarishwa mchana, kabla ya moto.