Je, Wajua? Darubini, Mlima Mtakatifu na Mahakama

Je, wajua kwamba darubini iliyobadilisha elimu ya nyota ilirushwa jirani na Delta ya Tana? Setilaiti iitwayo Uhuru iliondoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Ndiyo ya kwanza kuundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani.

Je, wajua kwamba darubini nyingine iliwahi kukwamia mahakamani? Mauna Kea, Hawaii, wenye urefu wa mita 4,205, ni mlima mtakatifu kwa wenyeji wa visiwa hivyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Hawaii ilifuta kibali cha darubini yenye kioo cha upana wa mita 30. Kisa? Bodi ya ardhi ya jimbo ilipitisha kibali kwanza, pingamizi ikazisikiliza baadaye.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilikubali kibali kipya, majaji 4 dhidi ya 1? Hata hivyo, Julai 2019 wazee walikaa barabarani wakazuia mitambo kupanda, wakakamatwa. Ushindi wa mahakamani haukuleta ridhaa ya watu.

Je, wajua kwamba kuchelewa kunaponza haki? Huko Arizona, Waapache walipinga darubini za Mlima Graham. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa iliwakatalia, ikisema walikawia mno kushtaki.

Je, wajua kwamba jirani zao, Watohono O'odham, waliwahi mapema? Mwaka 2005 walishtaki kuhusu mradi mpya wa darubini katika mlima wao wa Kitt Peak. Darubini hizo zikajengwa kwingine.

Je, wajua kwamba wengine huelewana kabla ya jembe kugusa udongo? Mwaka 2022 Wawajarri wa Australia Magharibi walitia sahihi makubaliano yaliyoruhusu darubini kubwa ya redio kwenye ardhi yao, huku sehemu zao za jadi zikilindwa.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 imetaja mahali pa matambiko? Ibara ya 63 inahesabu misitu ya jamii, malisho na mahali pa ibada za jadi kuwa ardhi ya jamii.

Je, wajua kwamba Waendorois walishinda? Waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba haki yao ya kuabudu huko ilivunjwa.

Je, wajua kwamba delta yetu ya Tana nayo ina hukumu yake? Wakazi walishtaki kuhusu miradi mikubwa ya kilimo iliyopangwa bila wao. Tarehe 4 Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamuru mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uandaliwe kwa kuwashirikisha wakulima, wafugaji na wavuvi.

Basi wazee wa baraza la Gasa, wafugaji Waorma na vijana wa Chara, Ozi na Garsen: andikeni leo makaburi, misitu na mahali pa matambiko, na mkasajili ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Mwekezaji akija, aikute mipaka imeshaandikwa, na aulize kwanza.