Kiganja kwenye habu

Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliondoka Cape Town kuelekea Cairo akiongoza msafara wa karavani 41. Karavani ni nyumba ya kulala iliyojengwa juu ya magurudumu, ikakokotwa na gari. Zake zilikuwa za alumini iliyopigwa ribiti kama ubavu wa ndege. Msafara ulipita Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Ethiopia, na ulipofika Misri ukapiga kambi mbele ya piramidi za Giza. Picha ya kambi hiyo ndiyo iliyozunguka dunia. Fundi wa magari atakaa zaidi na picha za njiani, zile ambazo karavani imenasa kwenye tope la Kongo na watu wanahangaika kuinasua.

Miaka 35 kabla ya hapo, Wafaransa walikuwa wameshaivuka Afrika na matela. Oktoba 1924 magari manane ya Citroën yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Mbele yalikuwa na magurudumu. Nyuma yalitembea juu ya mikanda mipana ya mpira, ubunifu wa Adolphe Kégresse aliyewahi kuhudumia magari ya mfalme wa Urusi. Kila gari lilivuta tela lake. Walipofika Kampala waligawanyika makundi manne: moja likashuka Mombasa, moja Dar es Salaam, moja likaelekea Cape Town, na la Haardt likapitia Msumbiji hadi Madagaska, likafika Antananarivo Juni 1925. Magari yote yalikuwa ya aina moja, hivyo kipuri cha moja kilimfaa mwenzake. Na waliokaa kwenye usukani walikuwa mafundi. Gari lilipoanza kulalamika, aliyelisikia wa kwanza ndiye aliyejua kulitibu.

Msafiri wa leo hana bahati hiyo. Anajua kuendesha, ana namba ya simu ya fundi wake mjini, na hofu yake yote iko kwenye injini. Hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Tela halina injini, kwa hiyo dereva husahau kwamba nalo ni mashine: lina beringi, springi, breki na matairi, na vyote vinabeba mzigo safari nzima bila kipimo hata kimoja kwenye dashibodi cha kumwambia dereva hali yao. Gurudumu la tela linaweza kuungua kilomita 40 nzima huku aliye mbele anasikiliza muziki.

Beringi ndiyo inayosumbua zaidi, na ndiyo inayoeleweka kidogo zaidi. Katikati ya gurudumu kuna kitovu ambacho mafundi hukiita habu. Ndani ya habu kuna beringi mbili zenye vyuma vidogo vya mviringo vilivyolala mshazari, vinavyozunguka juu ya ekseli vikiwa vimezama kwenye grisi. Grisi ikiwepo, chuma hakigusi chuma. Grisi ikiisha au ikiharibika, chuma husugua chuma. Msuguano huzaa joto, joto huyeyusha grisi iliyobaki, na kuanzia hapo mambo huenda mbio. Beringi hubadilika rangi ikawa ya samawati, husagika, na mwishowe gurudumu hung'oka likalipita gari lenyewe barabarani. Walioona jambo hilo hawalisahau.

Kinachoharibu grisi mara nyingi ni maji, na namna yanavyoingia inastahili kuelezwa taratibu. Tela limetembea saa mbili juani, habu imepata moto, na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Mbele kuna mto. Dereva anaingia majini bila kupumzika. Habu inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na habu inavuta kama bomba la sindano: maji na mchanga laini hupenya kwenye sili na kukaa pale pale penye beringi. Siku hiyo hakuna kinachoonekana. Baada ya wiki moja au mbili grisi imekuwa nyeupe kama uji, kutu imeanza, na dereva ameshausahau mto. Ndiyo maana madereva wazoefu husimama kabla ya kivuko, wakashuka, wakaupima mto kwa miguu yao wenyewe. Anayewaona hudhani wanaogopa kina cha maji. Kina wanakiogopa kweli, lakini robo saa hiyo pia inawapozea magurudumu.

Utingo wa lori, yule msaidizi anayelala juu ya mzigo, anaijua kazi hii kuliko wengi wenye magari ya fahari. Lori likisimama huzunguka na kipande cha chuma akigonga tairi moja moja. Lenye upepo hulia tofauti na lililopungua. Kisha hupitisha kiganja. Kwa karavani utaratibu ni huo huo: kila kituo, kiganja kisogezwe kwenye habu bila kukibandika haraka, maana inaweza kuunguza. Uvuguvugu ni kawaida. Kinachotafutwa ni tofauti. Magurudumu matatu yakiwa vuguvugu na la nne haliguswi, msafara usiondoke hapo.

Matairi nayo husema kwa joto. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na ule mkunjo ndio unaolipasha. Watu wengi hudhani tairi la tela hupasuka kwa sababu limejazwa kupita kiasi. Mara nyingi ni kinyume chake. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukipimwa tena baada ya mwendo na kukutwa umepanda zaidi ya PSI 4 au 5, tairi lilikuwa na upepo kidogo au mzigo ni mkubwa. Kuupunguza wakati huo ni kosa. Kinachotakiwa ni kungoja tairi lipoe, kisha kuongeza upepo au kushusha mizigo. Karavani pia hukaa uani miezi mingi bila kutembea, hivyo kashata za tairi zinaweza kuwa nzima ilhali mpira umezeeka. Ubavuni pameandikwa msimbo, na tarakimu zake nne za mwisho ndizo tarehe: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mlimani ndipo injini inapopata zamu yake. Gari linalovuta tani moja na nusu kupanda Kitonga, pale barabara ya Morogoro inapojipinda kuingia nyanda za juu za Iringa, litachemsha kama dereva atang'ang'ania gia kubwa. Injini ikizunguka polepole huku imeelemewa, pampu ya maji nayo huzunguka polepole, wakati joto ni jingi. Gia ndogo hupiga kelele, lakini husukuma maji kwenye rejeta. Wanaosafiri kwa msafara wana kosa lao la ziada: kufuatana kwa karibu. Rejeta ya gari la nyuma inapumua hewa moto na vumbi la aliyetangulia. Nafasi ya mita mia moja au mia mbili ni dawa isiyouzwa dukani.

Mshale wa joto ukianza kupanda, kiyoyozi kizimwe na hita ifunguliwe hadi mwisho. Abiria watalalamika. Hita ni rejeta ndogo. Inaiba sehemu ya joto la injini na kulimwaga ndani ya gari. Kifuniko cha rejeta kiachwe kabisa. Maji yaliyobanwa humo yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka kwa sababu ya presha, na kifuniko kikifunguliwa presha huondoka na maji hugeuka mvuke papo hapo, usoni kwa aliyefungua. Wala injini iliyoungua isimwagiwe maji baridi. Silinda hedi hupinda au kupasuka, na tatizo la dakika 40 likageuka la wiki nzima.

Kushuka ni hatari kuliko kupanda, na hapa mwandishi wa mambo ya magari hana budi kusema kwa ukali. Gari na karavani yake vyenye jumla ya tani 4 vikishuka mteremko wa mita 300 kwenda chini hutoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji ya bomba. Nishati hiyo lazima iende mahali. Dereva akitumia gia ndogo, injini hubeba sehemu kubwa yake. Akiachia fri, yaani gia ikiwa huru, ili kuokoa mafuta, breki hubeba yote peke yake. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu hewani, na yakishazeeka kikomo chake hushuka hadi karibu na 155. Yakichemka hutoa viputo vya mvuke. Mguu unakanyaga viputo, na pedali inazama hadi chini bila gari kupungua mwendo. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, imezika watu wengi, na malori yaliyoachiwa fri mteremkoni yametajwa tena na tena. Watu hao walikufa kwa ajili ya lita chache za dizeli.

Springi huvunjika kimya kimya. Barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati huzitikisa mara maelfu kwa saa, chuma huchoka, na jani moja la springi hukatika bila onyo. Dalili ni karavani kuinama upande mmoja. Porini hutafutwa gogo la mti mgumu, likakaa kati ya ekseli na chasisi, likafungwa kwa vipande vya tyubu vilivyovutwa kwa nguvu. Kwa mwendo wa polepole karavani itafika gereji. Tangi la mafuta likitobolewa na jiwe, sabuni ya kipande iliyokandwa huziba ufa vizuri ajabu, kwa kuwa dizeli na petroli haviiyeyushi.

Kabla ya kugusa spana yoyote, matawi mabichi yatandazwe barabarani, mbele na nyuma, mbali vya kutosha kwa lori linalokuja kasi. Pembe tatu ya kuakisi mwanga iwekwe pia. Tawi, hata hivyo, kila dereva wa njia kuu za Tanzania na Kenya hulielewa. Kazi ikiisha matawi yaondolewe.

Na ile habu ya moto? Ikishapoa, gurudumu huinuliwa kwa jeki na kutikiswa juu na chini. Likicheza, beringi imelegea. Hufunguliwa, beringi zikaoshwa kwa mafuta ya taa, zikaangaliwa kwenye mwanga. Yenye rangi ya samawati au vishimo hutupwa. Nzima hujazwa grisi kwa kiganja, ikisukumwa hadi itokeze upande wa pili. Nati hukazwa huku gurudumu linazungushwa, kisha hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa vidole tu, maana beringi iliyobanwa sana huungua upesi kama isiyo na grisi. Mwisho huingia pini mpya. Ile ya zamani, iliyokwisha kunjwa na kunyooshwa, hukatika ikirudishwa, na pini mpya kumi zinaenea kwenye kiberiti kimoja. Baada ya kilomita 20 msafara husimama tena, na mtu hushuka na kiganja chake.