Je, Wajua? Vijiko Vinne vya Oili Huokoa Msumeno

Injini ya msumeno wa mnyororo haina tangi la oili. Oili yake huchanganywa na petroli: misumeno mingi ya kisasa hutaka mililita 20 za oili ya 2T kwa lita 1, yaani vijiko vinne vya chai. Ukitia petroli tupu, injini hunoki.

• Kwa kasi kamili, injini za misumeno mingi huzunguka zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Oili ikikosekana, pistoni ya aluminiamu huvimba kwa joto na kujipaka kwenye silinda.

• Hali ya pistoni huonekana bila kufungua injini. Ng'oa eksozi, umulike kwa tochi tundu la silinda lililo nyuma yake. Michirizi ya wima ni dalili ya kuungua.

• Silinda yenye tabaka la nikeli huweza kupona. Mafundi hupaka asidi ya hidrokloriki kidogo kidogo. Aluminiamu iliyojipaka hutoa povu na kuyeyuka. Fanya nje, vaa glavu na miwani.

• Injini iliyokwama kwa kutu huweza kulegea: chomoa plagi, mimina oili nyepesi, iache ilale.