Habari za Shule Ziwafikie Wazazi Wote

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kumwelimisha mtoto ni ya mwalimu peke yake, na kwamba mzazi amekwisha timiza wajibu wake akimpeleka mtoto shuleni. Fikira hiyo si sahihi. Shule na nyumba humlea mtoto mmoja, na walezi wawili wasiosemezana hawawezi kulea vizuri.

Jambo hili laonekana wazi katika Silanga, kijiji kimoja cha Kibera jijini Nairobi. Wazazi wengi wa huko huondoka alfajiri kwenda kutafuta kibarua katika Eneo la Viwanda, au kufua nguo katika nyumba za watu, nao hurudi jioni. Mkutano wa shule ukiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, mzazi wa namna hiyo hana budi kuchagua: ahudhurie akose ujira wa siku, au aende kazini akose habari. Asipofika, si haki kusema kwamba hamjali mtoto wake. Hali ni hiyo hiyo huko Kawangware.

Hasara ya habari iliyofika nusu ilionekana mwaka 2003. Mwezi wa Januari mwaka huo Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini wazazi wengi walifahamu kwamba tangu siku hiyo mambo ya shule hayawahusu tena, na walimu wakabaki na madarasa yaliyojaa pomoni bila mtu wa kushauriana naye. Tangazo lilifika upesi. Maelezo yake hayakufika.

Leo haja ya maelezo imezidi. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, wataka mzazi ashiriki katika masomo ya mtoto wake. Tena mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa gredi hiyo mwaka 2025. Uchaguzi huo wagusa kazi ambayo mtoto ataifanya atakapokuwa mtu mzima. Mzazi asiyeelezwa atamshaurije mwanawe?

Basi shule ifanye nini? Kwanza, itumie lugha inayofahamika. Kibera ina watu wa makabila mengi, tangu Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles walipokaa hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo barua ya Kiswahili haina upungufu wo wote.

Pili, shule isitegemee njia moja. Barua hupotea mkobani, nambari za simu hubadilishwa, na pengine simu yenyewe ni ya jirani. Yafaa habari ile ile ipelekwe kwa barua na kwa simu, isomwe kanisani na msikitini, na itangazwe katika baraza la chifu. Kibera ina hata redio yake, Pamoja FM. Mikutano nayo iwekwe wakati ambapo watu wamepumzika, kama Jumapili alasiri.

Tatu, na hili ndilo kubwa, habari ziende na kurudi. Shule inayomwandikia mzazi wakati wa kutaka fedha tu, humfundisha kuziogopa barua zake. Imwandikie pia mtoto anapofanya vizuri. Na mzazi akiuliza neno au akileta malalamiko, apewe jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba jambo hilo haliwezekani.

Njia ya kufanya hayo imekwisha wekwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaagiza kuwapo kwa Chama cha Wazazi shuleni, na kila mwenye mtoto katika shule hiyo ni mwanachama. Kamati yake ina mwakilishi wa kila darasa pamoja na walimu wawili. Mwakilishi huyo akichaguliwa kwa busara, awe mtu akaaye karibu na wenzake, ataweza kubisha hodi usiku katika nyumba ambayo barua haikufika, na kesho yake ampelekee mwalimu jibu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mzazi aiarifu shule anapobadili nambari ya simu au makao. Autazame mkoba wa mtoto kila jioni. Asiyejua kusoma amwombe mtoto amsomee barua, wala asione haya, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na asiyeweza kufika mkutanoni amtume jirani, kisha aulize yaliyosemwa.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu na mzazi wakipashana habari kwa wakati, mtoto ndiye atakayefaidika.