Gitaa lako linamezwa na ngoma? Angalia spika kwanza

Kijana unayepiga benga, rumba au injili, hali hii unaijua. Mko harusini, ngoma zimepamba moto, besi inatikisa hema, na solo yako haisikiki. Unaongeza sauti kwenye amplifaya. Badala ya kusikika zaidi, gitaa linaanza kukwaruza.

Hapo wengi huanza kuchanga doo za amplifaya kubwa. Tulia kwanza. Huenda shida iko kwenye spika.

Wapigaji wa roki huutafuta mkwaruzo huo. Benga haiutaki. Tangu enzi za D.O. Misiani na Shirati Jazz, utamu wa benga ni noti zinazokimbia huku kila moja ikisikika peke yake. Zikianza kushikana, utamu umeisha.

Sasa, ukienda dukani uangalie nini?

Desibeli

Kipimo hiki hukuonyesha spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1, ukiipima kutoka umbali wa mita 1. Celestion G12M Greenback ina desibeli 98, na Vintage 30 ya kampuni hiyo hiyo ina 100. Utapata nyingine zenye 97 au chini ya hapo.

Desibeli 3 zinaonekana kidogo, lakini ukizitafuta kwa nguvu za amplifaya lazima uongeze wati maradufu. Yaani amplifaya ya wati 50 kwenye spika ya desibeli 100 inalingana na ya wati 100 kwenye spika ya 97. Umeona pesa zinavyopotea? Na ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, zinahitajika desibeli kama 10, ambazo ni wati mara 10.

Wati

Wati zilizoandikwa kwenye spika hazisemi ina kelele kiasi gani. Zinasema inaweza kuvumilia nguvu kiasi gani. Greenback huvumilia wati 25, na hukwaruza mapema. Ndiyo maana watu wa roki wanaipenda. Wewe unayetaka sauti safi, chukua spika inayovumilia kama mara mbili ya nguvu za amplifaya yako. Kwa amplifaya ya wati 50, tafuta spika ya wati 100, au mbili za wati 50 au 60 kila moja.

Spika mbili zina faida nyingine: zinasukuma hewa zaidi. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 na kusifika kwa sauti safi, ina spika mbili za inchi 12. Fender Twin Reverb pia ni hivyo hivyo.

Omu

Hapa ndipo vifaa huungua. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Zikiungwa kwa mfululizo huwa 16. Amplifaya ya transista iliyoandikwa kiwango cha chini ni omu 8, usiipe 4. Ya valvu, linganisha omu za spika na zile zilizoandikwa kwenye tundu lake. Kama huna uhakika, muulize fundi kabla ya kuwasha.

Ukifika Luthuli Avenue au duka lolote, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Geuza spika, soma namba ya modeli, wati na omu nyuma yake, kisha tafuta desibeli zake kwenye simu. Beba gitaa lako uijaribu kwa sauti ya juu. Ukishawishiwa kuchukua spika ya gari kwa kuwa ni bei rahisi, kataa. Nyingi huwa na desibeli karibu 90 tu, na hazikutengenezewa gitaa.

Na kabla hujatoa hata shilingi, inua amplifaya kutoka sakafuni uiweke juu ya kiti. Spika ya gitaa hurusha sauti kali moja kwa moja mbele yake. Ikiwa chini, magoti yako yanasikia vizuri kuliko masikio.