Sikukuu ya Patrick katika Mji wa Dublin

Kila mwaka tarehe 17 Machi watu wa Ayalandi hufanya sikukuu ya taifa lao. Mjini Dublin maandamano huanza Parnell Square, yakavuka mto Liffey, yakapita karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Patrick. Wazazi hutoka mapema wapate nafasi kando ya njia. Baba humpandisha mtoto mabegani, mama hufungua kikapu cha chakula. Ngoma na tarumbeta hulia, na wengi huvaa nguo za kijani.

Lakini mtoto akiuliza, “Baba, Patrick ni nani?” atajibiwaje? Mtu huyu hakuzaliwa Ayalandi. Alikuwa kijana wa Britania, akatekwa akiwa na umri wapata miaka 16, akachunga mifugo utumwani miaka 6, kisha akatoroka. Baadaye alirudi kwa hiari yake kwa watu wale wale, awahubirie Injili. Hayo aliyaandika mwenyewe.

Basi twaona ya kuwa mzazi asiyesimulia habari hizi amempa mwanawe kelele tupu. Nasi tufanyapo sikukuu zetu, yatupasa kuwaeleza watoto asili yake kabla hatujatoka nyumbani.